Betri Tatu za Kuepusha Lawama

Ndani ya boti ya Babu,
Gati la nyuma ya kiwanda cha barafu.
Jumatano tarehe 9, saa tatu asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Nimeshazing'oa. Zote tatu ziko sakafuni hapa mbele yangu, zimepangwa kama wezi waliokamatwa, na Babu amekaa kwenye ngazi anavuta na kusukuma mpini wa ile pampu ya mkono huku anahesabu kwa sauti. Sasa hivi yuko mia mbili na kumi. Kila akimaliza mia moja anapumzika, ananiangalia, anasema, "Andika. Mwambie betri ya nne ni mimi." Kisha anaendelea. Nikitaka kumpokea anakataa, anasema mimi nina kazi ya kuandika na yeye leo ameajiriwa.

Ngoja nirudi kwenye adabu. Shikamoo Shangazi. Hali yako? Lile goti linalovimba ukisimama sana dukani limetulia? Na yule mdogo ameshaacha kukohoa? Mimi mzima. Babu mzima, ila nyonga ya kushoto inamuuma, na sababu ya hiyo nyonga utaikuta huko mbele, usikasirike mapema. Barua yako tuliipata. Nilimsomea mara mbili, halafu akataka nirudie pale tu uliposema umepaka rangi chumba cha chini na kitanda umekisogeza dirishani ili aione boti yake ikiwa imefungwa. Siku ileile alinyoa ndevu.

Sasa Baba Mkubwa atakupigia simu, leo hii hii. Simu yake itaitangulia barua yangu, najua, maana barua itapanda basi na kukufikia kesho. Nakuomba ukimsikia umwambie tu "nimesikia", umalizie hapo, mpaka uwe umesoma hii. Unanijua nilivyo. Kwenye simu nakwama, na mbele za watu ndiyo kabisa, ulimi unageuka gogo. Kwa kalamu najitahidi, ukiuvumilia mwandiko. Meza yangu ni boksi la betri.

Jambo lilianza hivi. Zile betri mbili za matumizi ya ndani, za taa na redio na kifriji cha Babu na pampu, zilikufa mwezi uliopita. Siyo ile ya kuwashia injini, ile iko peke yake na ni nzima. Hizi za ndani zilikuwa na miaka minane, zimekufa kwa heshima zao, hakuna wa kulaumiwa. Kilichobaki kilikuwa kuchagua nyingine kabla ya safari ya kuja kwako.

Na hapa ndipo uzito ulipo, Shangazi, kwa hiyo nieleze vizuri. Boti unajua inavuja kidogo kule nyuma, pale chuma cha kuzungusha panka la kusukumia boti kinapotokea nje. Maji yanaingia kwa uvivu tu. Yakifika kimo fulani pampu inajiwasha yenyewe, inayatema, inajizima. Nimeikuta hivyo, Babu naye anasema ameishi nayo hivyo. Lakini betri zikilala, pampu inalala, na boti inakunywa polepole mpaka inashiba. Babu anaishi humu ndani. Ngazi hii ya hatua tano anaipanda kwa muda ambao mimi nanywa chai na kumaliza. Na kuja kwako ni siku mbili baharini, hakuna gati la kukimbilia. Betri hizi si mapambo.

Baba Mkubwa akaitisha kikao.

Kikao cha betri! Sebuleni kwake, kwenye yale makochi ambayo mpaka leo hajayavua nailoni, ukikaa yanalia, ukiinuka yanakushika suruali. Walikuwepo yeye, Baba Mdogo, Shemeji Profesa, Babu wamembeba kwa gari, na mimi kwenye kigoda karibu na mlango. Sikualikwa. Nilimshika Babu mkono kuingia, basi nikabaki.

Mimi nilikuwa nimejiandaa, usinione hivi. Shule niliiacha darasa la tano, lakini miaka minne nimekaa kwa Fundi Betri nikichaji, nikipima asidi, nikinusa. Suruali zangu zote zina matundu ya asidi, na jina la Matundu nililipata huko, walinipa wao wenyewe wakicheka. Basi siku tatu kabla ya kikao nilikaa humu ndani na kipande cha katoni. Pampu ikiwaka, naweka alama. Taa ya Babu, kuanzia anapoiwasha mpaka anapozima, naandika. Redio, kifriji, vyote. Nikachukua kamba nikapima lile sanduku lililo chini ya kitanda cha Babu zinamokaa betri, kwa ndani, siyo kwa nje, nikafunga mafundo: urefu, upana, kimo. Kimo ni shubiri moja na vidole vinne, ukizidisha hapo mfuniko haufungi. Nikaenda kwa Fundi Betri, tukahesabu, akaniambia, "Mbili za sola, za maji, za aina moja na umri mmoja. Chaja uliyonayo inazifaa. Nimekuwekea hizi hapa pembeni." Nikaandika kwenye katoni kwa herufi kubwa.

Nikaiweka ile katoni juu ya meza ya kikao, katikati, waione.

Baba Mdogo akaweka kikombe cha chai juu yake. Hakufanya kwa ubaya. Aliona kikalio cha kikombe kimekuja kwa wakati wake.

Nikuambie walivyochagua, halafu uniambie kama hawa ndio wanaotuongoza.

Baba Mkubwa anachagua betri kama mtu anayenunua fahali. Alikwenda dukani, akaizunguka, akaipiga teke kidogo, akainyanyua akaguna. Guno ndilo kipimo chake. Iliyomfanya agune zaidi ndiyo aliyoinunua, na ni betri ya lori. Kazi ya betri ya lori ni kusukuma kwa nguvu nukta chache, injini ikiwaka imemaliza, inangoja kuchajiwa. Haikuumbwa kuwasha taa ya mzee na kuendesha pampu kutwa nzima. Inapiga kelele dakika moja inalala siku nzima, na sishangai kabisa kwamba Baba Mkubwa aliipenda, walitazamana wakajuana.

Baba Mdogo yeye kanunua ya lithiamu, nyeupe, nyepesi, inaongea na simu. Kikao kizima alikuwa anazungusha simu yake tuone picha ya betri ya kijani imeandikwa mia kwa mia. Alipomfikia Babu, simu yenyewe ikazima kwa kukosa chaji. Sikucheka. Niliangalia viatu vyangu. Kusema haki, Shangazi, ile ya kwake ndiyo betri ya maana kuliko zote tatu, lakini ikiwa peke yake na chaja yake inayoendana nayo. Chaja hakununua. Muuzaji alimwambia chaja yoyote inafaa, na Baba Mdogo anamwamini mtu yeyote aliyevaa shati la mikono mirefu.

Halafu Shemeji Profesa. Huyu ana neno lake, "kitaalamu". Nilihesabu, kikao kile alilisema mara kumi na saba. Yeye kaleta betri iliyotolewa kwenye mnara wa simu. Imetumika, imefutwa vumbi, imepakwa mafuta ya mgando ing'ae kama viatu vya bwana harusi. Akasema, "Kitaalamu, betri hii imebeba mawasiliano ya watu laki moja." Nikawaza, na wale wa mnara waliitoa kwa nini, walichoka kuona inafanya kazi vizuri? Nikawaza tu.

Hakuna hata mmoja, Shangazi, hata mmoja, aliyeuliza boti inakula nini.

Wakaanza kubishana. Baba Mkubwa akasema yeye ndiye mkubwa. Baba Mdogo akasema ukubwa hauchaji simu. Shemeji akasema kitaalamu wote wana hoja. Makochi yakawa yanalia kila mtu akigeuka. Mwisho Baba Mdogo akainuka anataka kuondoka, amenuna, funguo za gari mkononi, na ndipo Baba Mkubwa akatoa uamuzi wake, kwa ile sauti ya kufungulia sherehe:

"Hakuna mtu atakayetoka kwangu amekasirika. Zote ni betri, na zote ni za baba yetu. Tutaziunganisha zote tatu. Kila mtu ataingia na yake."

Wakapiga makofi. Nakuapia. Watu wazima wenye ndevu wamepigia makofi betri ya lori, betri ya lithiamu na betri ya mnara kufungwa pamoja kwa waya, ili asinune mtu. Hawakuchagua betri, walisuluhisha ugomvi.

Nikueleze kwa nini ni ujinga, maana wewe hujakaa kwa Fundi Betri. Betri zikifungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi zinakuwa kama ndoo tatu ulizoziunganisha kwa mpira kule chini. Maji yanatafuta kulingana. Ndoo moja ikiwa na tundu, haivuji yenyewe tu, zote mbili nyingine zinavujia humo. Na tundu lilikuwa kwenye ile ya mnara. Niliijua siku ileile, niliponusa. Ina harufu ya yai bovu, kidogo tu, chini ya mafuta ya mgando.

Babu akawa anawatazama mmoja mmoja. Kisha akasema, "Na huyu aliyekaa miaka minne kwenye betri, yeye anasemaje?"

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na maneno, Shangazi, nilikuwa nayo yamepangwa, yapo hata kwenye katoni chini ya kikombe. Nikafungua mdomo. Kikatoka kikohozi.

"Mpeni maji," akasema Baba Mdogo.

Wakacheka. Wakaniletea maji. Nikayanywa. Nikayanywa yote na nikarudisha glasi na nikasema ahsante.

Nimewadharau wale watatu tangu siku hiyo, ukweli ndio huo, sikufichi. Lakini wa nne ninayemdharau kuliko wote ndiye aliyekunywa yale maji.

Babu mia nne sasa. Anasema nikusalimie, na nikuambie kwamba hajawahi kulipwa mshahara na wanawe, leo ndiyo anaanza kudai.

Jumapili wakaja kuzifunga. Walikuja na kamera. Baba Mkubwa kanunua kofia ya unahodha, nyeupe, ina nanga ya dhahabu mbele, maana ndiye atakayeongoza safari ya kukuletea Babu, kwa mujibu wa kikao. Boti ikitikisika kidogo anashika mlingoti kwa mikono miwili kama amekutana na ndugu aliyepotea. Lakini kofia inamkaa.

Betri ya lori haikuingia kwenye sanduku. Mimi nilijua, kamba ilikuwa mfukoni mwangu na mafundo yake. Unafikiri waliirudisha? Waliomba msumeno. Wakatoboa mbao ya kitanda cha Babu, kitanda cha baba yao, ili kichwa cha betri kipate pa kupumulia, kikachomoza juu usawa wa nyonga. Shemeji akasema kitaalamu lazima kifunikwe. Baba Mkubwa akavua kandambili yake ya kushoto akaifunika nayo, wakarudisha godoro juu. Basi Babu amelala siku tatu na donge la betri ubavuni. Hiyo ndiyo nyonga niliyokuambia. Nilimwambia tubadilishane, alale kwangu mbele. Akasema hapana, anataka kujua watoto wake wamemtandikia nini.

Wakawasha. Taa zikawaka kweli, nyeupe, kali. "Mmeona?" akasema Baba Mkubwa. Wakapiga picha wote watatu wamekumbatiana chini ya taa. Siku ya kwanza betri yoyote inawaka, hata iliyooza. Nimewaona wateja wengi kwa Fundi Betri wakitoka na furaha ya siku ya kwanza.

Jumatatu nikaanza kuisikiliza pampu. Ikiwa na nguvu inalia kama nyuki. Jumatatu jioni ikawa kama nyuki mwenye mafua. Jana alasiri nikaingiza mkono sandukuni chini ya kitanda, nikaigusa ile ya mnara kwa mgongo wa mkono, ndivyo tunavyogusa. Joto. Siyo joto la jua, joto la mtu mwenye homa. Na ubavu wake umeanza kutuna.

Shemeji alikuwa juu anapaka rangi jina la boti, kalikosea herufi moja anarudia. Nikapanda. Nikajikaza, maana alikuwa peke yake. Nikamwambia, "Shemeji, ile ya mnara inachemka."

Akanitazama kwa huruma. "Kitaalamu, Matundu, kitu kinachofanya kazi lazima kipate joto. Hata wewe ukikimbia si unapata joto?"

"Ndiyo, Shemeji."

"Basi. Iache ikimbie."

Nikashuka. Ndiyo, Shemeji. Yaani hapo ndipo mwisho wa ujasiri wangu ulipofika, Shangazi, kwa mtu mwenye rangi puani.

Leo asubuhi kabla jua halijapanda nikasikia Babu ananiita, siyo kwa kelele, kwa sauti yake ya kawaida, kama anayeomba chumvi. Nikatoka kule mbele. Alikuwa amekaa kitandani, ameshusha miguu, na maji yamemfika kwenye vifundo. Kandambili ya Baba Mkubwa ilikuwa inaelea katikati ya chumba, inazunguka taratibu, imekuja mpaka kwenye vidole vyake ikagusa, ikarudi.

Taa haikuwaka. Ile ya lithiamu ilikuwa imejizima, ndiyo tabia yake ikiona inanyonywa, inajifunga yenyewe bila kuaga mtu. Ya lori ilikuwa imekufa kabisa. Ya mnara imetuna kama shavu la mwenye jino bovu, huwezi kuishika. Na ilikuwa imechemkia hapo, Shangazi, chini ya godoro la Babu, mbao moja kati yake na mgongo wake. Ingekuwa kesho, ingekuwa huko nje, siku moja kutoka nchi kavu, maji yangekuta wapi miguu yake? Na ningemtoa kwa ngazi ipi?

Babu hakuuliza betri. Akaitazama ile kandambili.

"Kandambili ya mwanangu inajua kuogelea," akasema. "Wewe unajua kusema?"

Nilikwenda kuchukua ndoo. Lakini swali lile limekaa kifuani mpaka sasa.

Nilichota maji na kuyamwaga nje saa nzima kwa ndoo mpaka yakashuka chini ya mbao za sakafu. Nikafungua nyaya, hasi kwanza, kama nilivyofundishwa, nikazitoa betri zao moja moja. Ya mnara nimeifunga kwenye gunia bichi. Nikamkalisha Babu kwenye pampu ya mkono, maana alidai kazi, nikakimbia kwa Fundi Betri na miguu yangu mitupu.

Alikuwa ndiyo anafungua mlango. Akanitazama juu mpaka chini, "Umekuja na mkokoteni au umekuja na pumzi tu?"

Nikamwonyesha kwa mkono: zile mbili. Zilikuwa bado pembeni, chini ya turubai, alikoziweka tangu siku ile. Hakuuliza kwa nini nimechelewa wiki mbili. Alizifungua vifuniko, akachovya kile kichupa cha kupimia asidi kwenye kila tundu, matundu kumi na mawili, na kila mara kipimo kilipanda pale pale. "Mapacha," akasema. Kwa malipo anachukua zile mbili za zamani kwa ajili ya madini ya risasi yaliyomo, na mimi nikirudi nitamfanyia kazi kila Jumamosi mpaka aseme basi. Akaniambia nitangulie, atampakia mwenye mkokoteni. Ndiye ninayemsubiri, ndiyo nafasi niliyopata ya kukuandikia. Kamba yangu ya mafundo nimeshaipima tena kwenye sanduku. Zitaingia, mfuniko utafunga. Tundu la kitandani nitaliziba kwa mbao.

Wenyewe wanakuja saa nne na kamera. Maji yakijaa saa nane ndiyo safari. Baba Mkubwa na kofia yake.

Na mimi nimeamua. Sitawaficha. Ningeweza kuziweka zangu kimyakimya sandukuni, na za kwao nikazirudisha juu kwa mapambo, na wakaondoka wakijisifu kwamba zao ndizo zimemfikisha Babu kwako. Nililifikiria hilo, ndilo la kwanza kunijia, na ni la mtu aliyekunywa maji. Halafu safari nyingine wangeleta betri nne.

Nimejaribu maneno. Nimemwambia Babu mara tatu, yeye akijifanya Baba Mkubwa, kanikunjia uso vizuri mpaka nikaogopa. Maneno ni haya: "Baba Mkubwa, shikamoo. Babu hasafiri na betri zenu, zimemlaza kwenye maji. Ziko gatini, kila mtu achukue yake. Hizi ndizo za boti." Basi. Mara ya kwanza nilikwama kwenye "hasafiri". Mara ya tatu nilifika mpaka mwisho. Babu akasema, "Toa shikamoo, inakulegeza." Nikamwambia shikamoo siitoi, yeye ni baba yangu mkubwa hata akiwa na kofia ile.

Kwa hiyo akikupigia simu akakwambia Matundu amemvunjia heshima mbele ya watu na amevuruga umoja wa familia, wewe usinitetee. Muulize tu kandambili yake ya kushoto iko wapi. Nimeitundika kwenye msumari juu ya ngazi, bado inachuruzika.

Msalimie Mjomba mwenye duka, na Mama Pacha wa jirani, na yule mpangaji wa juu anayepiga filimbi, mwambie Babu anakuja na yeye anapiga, vibaya. Wabusu watoto wote, hasa aliyekuwa anakohoa. Chumba usikifunge, rangi ikauke vizuri, Babu akisikia harufu ya rangi anapiga chafya mpaka mchana. Tukichelewa siku moja ni kwa sababu ya mbao ya kitanda, usihangaike. Mungu akuwekee hilo goti mpaka utushikie kamba sisi tukifika, na sisi atuwekee maji nje ya boti, sehemu yake.

Mwenye mkokoteni ananipigia mluzi huko juu. Yeye ndiye atakayeipeleka barua hii kwenye ofisi ya vifurushi, basi linaondoka saa tano, lazima niifunge. Na nasikia mlango wa gari. Umefungwa mara tatu, maana yake wamekuja wote. Kuna kishindo cha viatu kwenye mbao za gati, na sauti ya Baba Mkubwa inamuuliza mwenye mkokoteni, "Hizi betri za nani?" Mwenye mkokoteni hajibu, hajui, mimi ndiye ninayejua.

Naondoka sasa, Shangazi. Babu ameacha kupampu, ameacha na kuhesabu, ametega sikio lake zima.

Mwanao, akupendaye kwa kalamu siku zote, na leo kwa mdomo pia,

Matundu